Kubadili kioo cha nyuma nyumbani: kazi kubwa iko kwenye fremu

Kioo cha mbele kikipigwa na kokoto huchora ufa, na wenye magari wengi huuvumilia ufa huo hadi siku ya ukaguzi. Cha nyuma hakina subira hiyo. Kikigongwa pabaya, hasa ukingoni, hupukutika chote kwa mkupuo mmoja na kujaza kiti, buti na sakafu vipande mithili ya punje za mahindi. Mwenye Corolla ya miaka ya tisini anayeamka na kulikuta gari lake liko wazi nyuma hana budi kuamua siku hiyohiyo: amwite fundi vioo, au afanye kazi mwenyewe uani.

Uamuzi huo hutokana na jambo moja. Kioo kilikuwa kimeshikwa na nini, raba au gundi?

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya themanini yalishika vioo vyake kwa raba. Volkswagen Beetle ni ya aina hiyo, Peugeot 504 vilevile, na madirisha mengi ya Land Rover za zamani. Raba yenyewe ina mifereji miwili: mmoja unaingia kioo, mwingine unavaa ukingo wa bati la bodi. Mtu mwenye kamba, sabuni na msaidizi mmoja anaweza kuikamilisha kazi hiyo asubuhi moja. Magari ya Kijapani yaliyoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya tisini, ikiwemo Corolla ya toleo la 110, vioo vyake vya mbele na nyuma vimebandikwa kwa gundi ya yurethani. Hiyo nayo yawezekana nyumbani, ila haimsamehe mtu wa kulipualipua.

Kuzitofautisha si kazi ngumu, japo kuna mtego. Gari la raba huonyesha raba nene ndani na nje. Kioo cha gundi kina utepe mweusi uliochomwa kwenye kioo chenyewe kuzunguka ukingo, mara nyingi ukiishia kwa vidoti vidogovidogo. Mtego ni kwamba magari ya gundi nayo huwa na ukanda mwembamba wa mpira au plastiki kwa nje. Huo ni urembo na kizuizi cha vumbi tu, haushiki chochote.

Kioo kisichokatwa

Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye karatasi ya plastiki katikati, ndiyo maana kikivunjika hubaki mahali pake. Cha nyuma kwa kawaida ni tabaka moja lililopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha likapulizwa hewa ya baridi ghafla. Uso hupoa na kukaza kabla ya ndani. Ndani inapopoa baadaye, huuvuta uso na kuubana. Mbano huo ndio unaokipa kioo nguvu ya kuhimili kishindo, na ndio huo huo unaokisambaratisha chote mbano ukivunjwa mahali pamoja.

Kwa mwenye gari maana yake ni hii: kioo hicho kikishatengenezwa hakikatwi, hakitobolewi, wala hakisagwi ukingo. Anayeambiwa dukani kwamba kioo kikubwa kidogo "kitapunguzwa" aondoke. Na anayeshauriwa kuweka kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba akatae kabisa, kwa sababu hicho kikivunjika hutoa mapande marefu yenye ncha za kuchinja. Madirisha bapa, kama ya Land Rover nyingi za zamani, yana njia ya kati: fundi vioo anaweza kukata kioo cha tabaka mbili kwa kipimo cha dirisha, kwa kuwa aina hiyo hukatika. Kioo chenye mbinuko hakina njia ya mkato. Lazima kitafutwe chenyewe.

Sokoni

Beetle ndiyo mfano mzuri wa kwa nini jina la gari halitoshi. Hadi mapema 1953 dirisha lake la nyuma lilikuwa vioo viwili vidogo vilivyotengwa na bati. Kuanzia hapo hadi 1957 likawa yai moja. Likafuata la pembe nne, likapanuliwa kwenye toleo la 1965, likapanuliwa tena kwenye toleo la 1972. Mtu akifika dukani na kusema "kioo cha nyuma cha Beetle", bado hajasema anataka nini. Corolla ni hivyohivyo: ya 100 si ya 110, na saluni si wagoni. Namba ya chesisi na umbo la bodi viandikwe kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na kama kipande cha kioo cha zamani chenye alama kimesalia, kichukuliwe.

Vioo vya mitumba vinapatikana kunakouzwa spea: Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala. Kioo kilichotolewa kwenye gari jingine ni bidhaa nzuri mradi mnunuzi asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza apitishe kidole chenye glavu ukingoni kote. Mahali palipomeguka, hata kama ni padogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, panatosha kukikataa, maana ukingo ndio udhaifu wa kioo hiki. Kisha atazame pembeni penye alama: kioo halali kina chapa ya kiwandani, na kwenye vioo vingi vya Kijapani neno TEMPERED husomeka wazi. Mwisho apime mistari ya kupasha joto. Mita ya umeme ikigusishwa kwenye vituo viwili vya pembeni, ukinzani uwe mdogo sana, karibu na omu moja au mbili. Mita isiposoma kitu, umeme haupiti.

Mistari michache ya juu, iliyojitenga na mingine, huenda ikawa antena ya redio. Kwenye gari la namna hiyo, kioo kisicho na antena kitaingia vizuri lakini redio itakoroma.

Safarini kioo kisimame wima juu ya blanketi, kikiegemea kitu laini. Kikitua kwa pembe kwenye sakafu ya saruji, hapatakuwa na cha kuokota ila kufagia.

Gari lenye uwazi nyuma

Kioo kikichelewa kupatikana, uwazi uzibwe kwa nailoni nzito na tepu iliyoshika bati safi. Sababu ya kwanza ni mvua. Ya pili wengi hawaifikirii. Gari likiwa mwendoni, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi, ikibeba moshi wa ekzozi, na uwazi wa nyuma huuvuta moshi huo ndani. Humo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Bora gari lisiendeshwe. Ikilazimu, safari iwe fupi na madirisha ya mbele yafunguliwe.

Kisha usafi. Glavu nene na miwani ya kujikinga si mapambo, kwa sababu punje za kioo zina kingo za kukata ngozi na huruka machoni. Kioo chenye tinti ni rahisi zaidi, hushikwa na karatasi yake na kutoka kama mkeka. Kisicho na tinti kinahitaji kifyonza vumbi na uvumilivu. Punje hujificha kwenye mikunjo ya kiti, ndani ya spika za nyuma, kwenye mitambo inayovuta mikanda ya usalama, na chini ya tairi la akiba. Mikanda ivutwe hadi mwisho na kupanguswa, la sivyo punje moja itausaga utepe wake kwa miezi.

Fremu kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani hufaulu au huharibika, na hapa ndipo mwenye gari anapaswa kutumia muda wake mwingi. Kioo kipya juu ya bati lenye kutu kitavuja, na cha gundi kinaweza hata kubanduka, kwa kuwa gundi itakuwa imeshika kutu badala ya chuma.

Pembe mbili za chini ndizo za kutazamwa kwanza. Maji hutuama hapo chini ya raba kwa miaka, na kwenye magari ya Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi huongeza kasi. Raba ya zamani ikishakatwa na kuondolewa, rangi iliyofura ikwanguliwe hadi chuma king'ae, kwa brashi ya waya kisha msasa. Bisibisi ikigusishwa mahali na kupitiliza, bati limekwisha: aitwe fundi wa kuchomelea kabla ya hatua yoyote nyingine. Bati likiwa zima, lipakwe dawa ya kutuliza kutu, kisha praima ya epoksi, kisha rangi. Rangi ikauke kikamilifu kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Gundi ikibandikwa juu ya rangi mbichi, kiungo chote kitakuwa na nguvu ya rangi hiyo tu.

Kwenye gari la gundi, gundi ya zamani iliyoshika bati vizuri haiondolewi yote. Hukatwa kwa kisu chenye makali hadi ibaki tabaka nyembamba, milimita moja au mbili. Gundi mpya hushika ya zamani kuliko inavyoshika karibu kitu kingine chochote, mradi tabaka hilo liwe limekatwa karibuni, safi na kavu. Mikwaruzo iliyofika kwenye chuma hupakwa praima ya kutu inayokubaliana na gundi hiyo.

Kazi ya raba: kamba na maji ya sabuni

Raba iliyokakamaa isirudishwe. Mpya ikiwa ngumu kwa kukaa dukani, ianikwe juani mpaka ilegee. Ivalishwe kwenye kioo mezani, juu ya blanketi, na kama gari lina urembo wa chuma unaokaa ndani ya raba, kama Beetle nyingi na Peugeot, urembo huo uingizwe sasa. Kioo kikishapanda garini ni shida kuuingiza. Nyaya za mistari ya kupasha joto, kama zipo, nazo zipitishwe mapema.

Inatafutwa kamba laini ya nailoni ya unene wa milimita 4 au 5. Inalazwa ndani ya mfereji utakaovaa bati, ikizunguka kioo chote, na ncha zake mbili zipishane katikati kwa chini, kila moja ikining'inia urefu wa kutosha kushikwa. Ukingo wa bati na midomo ya raba vinapakwa maji ya sabuni kwa ukarimu. Mafuta ya injini au grisi visiguse raba.

Watu wawili sasa. Wa nje anakiweka kioo usawa wa uwazi, chini kwanza, ncha za kamba zikiwa ndani ya gari. Anakandamiza kwa viganja vilivyofunguliwa. Wa ndani anashika ncha moja na kuivuta taratibu kuelekea katikati ya kioo, si kuelekea kwake moja kwa moja. Kamba inapochomoka, mdomo wa raba unainuka, unaruka ukingo wa bati na kulala upande wa ndani, sentimita moja baada ya nyingine, sabuni ikitoa povu na raba ikilia kidogo. Wa nje anahama pamoja na kamba, akikandamiza palepale inapotoka. Upande wa chini ukiisha, zinafuata pembe, ubavu, na juu mwisho kabisa.

Kamba ikikwama, isivutwe kwa hasira, maana itapasua mdomo wa raba. Mara nyingi kioo kimeteleza upande mmoja. Kinarudishwa katikati, sabuni inaongezwa, kazi inaendelea. Kioo kinapigwapigwa kwa kiganja ili kikae, kamwe si kwa ngumi, na nyundo hata ya mpira ibaki kwenye boksi.

Land Rover nyingi zina raba ya aina nyingine, yenye utepe wa kukaza. Hapo raba huvalishwa kwenye bodi kwanza, kioo kikaingizwa ndani yake kwa msaada wa kijiti bapa cha plastiki, halafu utepe ukasukumwa kwenye mfereji wake kwa kifaa chenye tundu. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na bila hicho vidole vitachubuka bure.

Kazi ya gundi: saa ndiyo bosi

Gundi ya vioo vya magari haitoi nafasi ya pili. Ni yurethani inayokauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, hivyo kwenye joto na unyevu wa pwani uso wake huanza kufanya ngozi baada ya dakika chache. Kila kitu kiwe tayari kabla ya kopo kufunguliwa, na kazi ifanyike kivulini, asubuhi, bati likiwa bado la baridi.

Silikoni isiguswe. Aina inayonuka siki hutoa asidi inayokula chuma, na hakuna silikoni ya bafuni iliyotengenezwa kubeba kioo cha gari kwenye barabara ya mashimo. Tarehe ya mwisho kwenye kopo la yurethani nayo isomwe. Lililopita muda wake huweza kutoka vizuri na bado lisishike.

Kwanza kioo kipangwe mahali pake kikavu, bila gundi, kikiwa juu ya vipande vidogo vya mpira vinavyokibeba kwa chini. Nafasi ikiwa sawa kila upande, vipande vya tepu vibandikwe nusu kwenye kioo nusu kwenye bodi, kisha vikatwe katikati kwa wembe. Tepu hizo ndizo ramani ya kukirudisha kioo palepale. Kikishatolewa, ukingo wake mweusi husafishwa kwa dawa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gundi, ukapakwa praima ya kioo na kuachwa ukauke. Baada ya hapo mkono mtupu usiuguse.

Mdomo wa kopo hukatwa pengo lenye umbo la V, ili gundi itoke ikiwa imesimama kwa umbo la pembetatu, upana wa kama milimita 10 na kimo cha 12. Kwa kipimo hicho kopo la mililita 310 hutoa mstari wa takriban mita 5, na mzunguko wa kioo cha saluni ya kawaida hauzidi hapo. Hata hivyo kopo la pili liwe karibu, kwa sababu mstari uliokatikia njiani ni mlango wa maji. Mstari uende bila kusita, ufungwe kwa kupishana kidogo katikati ya chini au ya juu, si pembeni.

Watu wawili wenye vishikio vya mpira vinavyong'ang'ania kioo hukileta, wakalinganisha tepu, wakakilaza na kukikandamiza kwa utulivu mpaka kikae usawa wa bodi. Kikishagusa kisibanduliwe. Tepu ndefu hukishikilia hadi siku inayofuata, na dirisha moja la mlango liachwe wazi kidogo, kwa kuwa mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kote, hewa ya ndani husukuma kioo kibichi nje. Gundi nyingi za aina hii hukauka kwa kina cha milimita 3 hadi 4 kwa siku. Muda wa kuruhusu gari kuendeshwa umeandikwa kwenye kopo, nao ufuatwe.

Umeme, kisha maji

Waya mbili za kupasha joto hurudishwa kwenye vituo vyake. Kituo kilichobanduka huchomewa kwa risasi au kubandikwa kwa gundi ya fedha inayopitisha umeme. Swichi ikiwashwa, mita ikiwekwa voti 12 na kupitishwa juu ya mstari mmoja mmoja, usomaji ushuke polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, takriban voti 6 katikati. Usomaji ukiruka ghafla, hapo ndipo mstari umekatika, na rangi ya fedha inayouzwa kwa kazi hiyo itauunga. Mistari yote ikiwa mifu pamoja, fyuzi itazamwe kabla ya kulaumu kioo.

Jaribio la maji lifanywe gundi ikishakauka, au kesho yake kwa raba. Mpira wa bustani usiwe na kasi. Maji yaanze chini na kupanda taratibu, huku mtu akiwa ndani na tochi. Kuanzia chini kuna faida yake: tone la kwanza linaonyesha mahali panapovuja, wakati maji yakimwagwa kutoka juu hutiririka na kutokeza mbali na tundu lake. Kwenye raba, dawa laini ya kuziba isiyokauka husukumwa chini ya mdomo wa nje na mavujo mengi huishia hapo. Kwenye gundi, pengo dogo huzibwa kwa yurethani ileile kutoka nje. Kapeti la buti na shimo la tairi la akiba vikaguliwe tena baada ya mvua ya kwanza, kabla ya spika na ubao wa nyuma kurudishwa.

Kwa gari la gundi, kuna mpango ambao mafundi vioo wengi huukubali ukiombwa mapema. Mwenye gari anatafuta kioo, anasafisha punje, anatibu kutu, anapaka rangi na kuikausha kwa siku kadhaa, kazi ambayo fundi mwenye foleni ya magari mara chache huipa muda wake. Fundi anakuja na gundi yake, praima na vishikio, na kukibandika kioo kwa saa moja. Malipo hushuka, na pale penye kutu panakuwa pameshughulikiwa na mtu asiye na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.